Hatua 360 zilizonipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa

Zamani jioni nilikuwa natembea kwa raha zangu tu jamani. Nikitoka job navaa raba, huyoo mpaka Coco Beach, nakula mihogo na pilipili yake, nakatiza Daraja la Tanzanite kupunga upepo, narudi home jasho limeshakauka. Nimetembea kiasi gani hakuna anayejua, hata mimi mwenyewe.

Sasa watu wa ofisini wakafungua grupu la WhatsApp. Kila mtu hatua 10,000 kwa siku, mwisho saa 4 usiku uwe umetupia skrinshoti, ukikosa unatumiwa stika ya kobe. (Juzi ndo nimekuja kujua hiyo 10,000 ilianzia kwenye kipima hatua walichouza Wajapani 1965, jina lake lenyewe ndo hatua elfu kumi, yaani biashara ya watu halafu mimi ndo navimba miguu.) Mihogo nikaacha maana ukikaa kula hatua hazisomi, bahari yenyewe siioni tena, macho kwenye simu. Mama watoto akinituma dukani nazungukia mtaa wa tatu, chumvi inafika mboga imeshaliwa.

Ijumaa hiyo nakaribia home, saa 2 usiku, nacheki simu: 9,640. Nikasema ndani siingii. Nikaanza kwenda na kurudi mbele ya geti moja jeusi, mtaani kwetu hapo ndo penye taa, huku nahesabu kwa sauti, nikifika mwisho wa ukuta nageuka.

Raundi ya sita nasikia filimbi. Mlinzi huyo, na rungu.

"We mzee, unachungulia nini hapa?"

"Nafanya mazoezi kaka."

"Mazoezi ya geti moja?"

Nikajifanya mjanja, nikamfungulia ramani kwenye programu aone nimetoka wapi. Ningejua! Mstari umeenda vizuri mpaka darajani ukarudi, ila ulipofika kwenye lile geti umejisokota kama kiota cha kunguru. Jamaa akaita wenzie, "Njooni muone, hadi ramani ya nyumba anayo!"

Safari ya kwa mwenyekiti ikaanza, kwa miguu. Kufika naulizwa kitambulisho, sina, nani anatembea mazoezini na NIDA? Tukarudi home kukifuata, mimi katikati, walinzi wawili pembeni, mama watoto katoka mlangoni na mwiko mkononi hajui alie au acheke, tukaondoka tena kwa mwenyekiti. Mzee wa watu kusikia kisa kacheka mpaka kavua miwani akafuta machozi, akaniambia nenda kalale.

Saa 4 kasoro nafika ndani, simu inasoma 14,212. Nikawahi kutupia. Tangu grupu lianze sijawahi kuwa wa kwanza, makofi yakamiminika, mhasibu peke yake ndo akaandika, "Bro, leo ulikuwa unafukuzwa?"