Desibeli zisizosikika, mwangwi unaosikika

Anayetaka kununua mikisa ya DJ, kile kifaa cha kuchanganyia nyimbo, hukutana na kambi mbili. Moja humwambia asikilize sauti: kelele ya chini, ubora wa vigeuzi (vinavyogeuza namba za dijitali kuwa sauti), uzito wa besi, lile linaloitwa "joto" la analogi, yaani la mitambo isiyogeuza sauti kuwa namba. Nyingine humwonyesha efekti, yaani vionjo vya kubadilisha sauti: eko (mwangwi unaorudia), riverbu (mvumo kama wa ukumbi mkubwa), filta (hukata besi au sauti za juu), na vitufe vinavyowaka rangi tatu. Heshima yote iko kwa kambi ya kwanza. Ukisema ulichagua mikisa kwa sababu ya sauti, unaonekana fundi. Ukisema uliichagua kwa sababu ya eko yake, unaonekana mtoto aliyepewa king'ora. Mimi naona heshima hiyo imegawanywa vibaya.

Watu wa sauti wana hoja, tena nzito. Nyimbo mbili zikienda pamoja na mapigo yao ya besi yakaangukiana sawasawa, sauti ya chini inaweza kupanda desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani volteji maradufu. Mikisa dhaifu hapo ndipo inapojiumbua. Ya dijitali huwa na nafasi tele ndani inapofanya hesabu zake, lakini mwisho wa safari kuna kigeuzi cha kutolea sauti, na kigeuzi kina dari. Ukiligonga, kilele cha wimbi kinakatwa kama kwa wembe, na spika zinaanza kukwaruza. Analogi nzuri huchafuka polepole kabla ya kufika huko, kwa hiyo sikio linakuonya mapema. Na kuna uchovu. Sauti kali ya juu ambayo haikuudhi kwa dakika 10 itakuwa imekumaliza baada ya saa 5. Rudy Bozak alipotengeneza mikisa yake iliyotawala vilabu vya New York miaka ya 1970, haikuwa na efekti wala feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Ilikuwa na nobu za kuzungusha tu, na bado wapo wanaoitafuta mpaka leo. Hawaitafuti kwa kumbukumbu peke yake.

Lakini hiyo si hoja inayotumika dukani. Dukani hoja ni namba, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Namba inayopendwa ni ile ya umbali kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya kifaa chenyewe. Kila biti moja, yaani tarakimu moja ya dijitali, inaleta takriban desibeli 6, kwa hiyo sauti ya biti 16, ile ya CD, inafika kama 96. Ya biti 24 kwa karatasi inafika 144, ingawa kwa vitendo hakuna kigeuzi kinachogusa namba hiyo. Basi mnunuzi analinganisha: hii ina 105, ile ina 112, achukue ya 112. Sasa apeleke namba hizo ukumbini. Chumba kilichojaa watu wanaoongea, muziki ukiwa umezimwa, hufika desibeli 70 bila shida. Ukipiga muziki kwa 100, sauti uliyo nayo juu ya kelele za watu ni 30 tu. Thelathini! Zile 7 za ziada ulizozilipia zimelala chini kabisa, chini ya vicheko, chini ya feni, chini ya mtu anayemwita mwenzake kwa jina. Sahani za santuri, kwa kipimo hicho hicho, hazifiki mbali zaidi ya 70, na watu wamezichezea miongo mingi bila kulalamika kwamba kimya cha katikati hakikuwa kimya vya kutosha. Isitoshe, nyimbo za kuchezea siku hizi zimebanwa studio kiasi kwamba tofauti kati ya sehemu yake ndogo na kubwa ni chache mno. Unanunua ghala la kuhifadhi kikombe kimoja.

Sisemi mikisa zote zinalia sawa. Nasema tofauti kati ya mbili nzuri ni ndogo kuliko tofauti kati ya faili la muziki la kilobiti 320 kwa sekunde na la 128, ndogo kuliko ya spika iliyoelekezwa ukutani, na ndogo mno kuliko ya DJ anayeacha taa nyekundu za kuonya kwamba sauti imezidi ziwake usiku kucha. Ukitaka sauti bora kesho, shusha geni, ile nobu ya nguvu ya sauti inayoingia.

Efekti ni habari nyingine, kwa sababu kosa lake linasikika mpaka mlangoni.

Chukua eko. Kazi yake ni kurudia sauti kwa kufuata pigo, na hesabu yake ni rahisi: gawanya milisekunde 60,000 kwa mapigo ya dakika moja. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo; wa 124 una kama 484. Tuseme kihesabu mapigo cha mikisa kimekosea, kikasoma 120 mahali pa 124. Tofauti ni milisekunde 16, kitu ambacho huwezi kukisikia kwenye mrudio wa kwanza. Ila eko haitoi mrudio mmoja. Kufikia wa nane imechelewa karibu milisekunde 129, na robo ya pigo kwa mwendo huo ni 121. Eko yako sasa inapiga ngoma yake yenyewe pembeni ya ngoma, na kila mwenye miguu anajua kuna kitu kimeteleza, hata kama hajui jina lake. Vihesabu hivi hushindwa hasa pale ngoma zinapopigwa kwa mkono na mwendo unapepesuka, au pale mapigo matatu yanapopandana na mawili. Mikisa isiyo na kitufe cha kugonga mwendo kwa kidole, au iliyokificha ndani ya menyu, inakuacha uchi hapo. Hii kwangu ni tofauti kubwa kati ya kifaa na kifaa, na huikuti kwenye jedwali la desibeli.

Kisha kuna swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi kabisa: efekti imekaa kabla ya feda au baada yake? Ikikaa kabla, ukishusha feda unaizima pamoja na wimbo. Ikikaa baada, wimbo unaondoka na mkia wa eko unabaki hewani, ukififia, wakati wimbo mwingine unaingia chini yake. Ni mbinu ya kuhamia wimbo wenye mwendo tofauti kabisa bila kulazimisha ndoa. Niliwahi kupiga kwa mikisa ya kuazima, nikawasha eko kwenye neno la mwisho la kiitikio, nikashusha feda kwa mbwembwe zote, mkono mwingine ukiwa juu. Kimya. Watu wakanitazama. Kwa uwazi wa sauti, mikisa ile ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Wanaoona efekti kama mapambo wanasahau zilikotoka. King Tubby wa Kingston, Jamaika, alikuwa fundi umeme, mtu wa kutengeneza redio na mitambo ya sauti. Miaka ya 1970 alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akazima sauti ya mwimbaji, akairudisha nusu neno, akaisukuma kwenye eko ya tepu na kuzungusha nobu ya filta mpaka besi ikapotea na kurudi. Hakuongeza ala hata moja. Meza ya kuchanganyia ndiyo iliyokuwa ala. DJ anayepiga efekti vizuri leo anatembea njia ile ile, ila sasa kihesabu mapigo kimo ndani ya kifaa, jambo lililoanza kuzoeleka katikati ya miaka ya 1990 Pioneer ilipotoa DJM-500.

Na tazama kambi ya sauti yenyewe inapenda nini. Mikisa moja iliyopata sifa kubwa kwao ni Xone:92 ya Allen & Heath, ya analogi, isiyo na eko wala riverbu ndani. Waulize wanaipenda kwa nini. Watataja ikwalaiza yake ya ngazi 4, ile ya kupunguza au kuongeza besi, kati na juu, halafu watafika kwenye filta, na hapo ndipo macho yao yatakapong'aa: jinsi inavyopanda bila ngazi-ngazi, jinsi inavyopiga mluzi ukiongeza rezonansi, yaani mkazo wa sauti pale filta inapokatia. Filta ni efekti, jamani. Tuseme tu kwamba efekti moja iliyotengenezwa vizuri inashinda 14 zilizotajwa kwenye boksi, nami nitakubali bila kubishana, maana filta mbovu za dijitali unazisikia zikikatakata ukizizungusha haraka.

Jibu lao lenye nguvu ni hili: nunua mikisa ya sauti safi yenye njia ya kutolea sauti nje na kuirudisha, kisha unganisha kisanduku cha efekti cha nje utakachokichagua mwenyewe. Kisanduku kikichakaa, unabadilisha hicho tu. Ni kweli, na kwa mtu mwenye kituo chake cha kudumu ndiyo njia ningemshauri. Kwa anayebeba vyombo vyake kila wiki, ni nyaya 2 au 4 zaidi, umeme mwingine wa kuchomeka, geni nyingine ya kusawazisha gizani, na mwendo ambao kisanduku hakiujui mpaka ukigongee.

Matumizi mabaya yapo, sote tumeyasikia: eko kila baada ya mapigo 16, kama mtu anayemaliza kila sentensi kwa kupiga kelele. Hilo la mpigaji, si la kifaa.

Kwa hiyo ukienda kujaribu, beba wimbo unaoujua kama sauti ya mama yako, na mwingine wenye ngoma za mkono. Dakika 5 za mwanzo wape watu wa sauti: pandisha geni mpaka kabla ya nyekundu, inua feda zote mbili, sikiliza besi zikikutana. Isipokwaruza, na hedifoni zisipokuwa na uvumi, imefaulu. Hatua hiyo mikisa nyingi za leo huvuka. Saa nzima iliyobaki, gonga mwendo, washa eko kwenye ule wimbo wa ngoma za mkono, hesabu mirudio mpaka wa nane. Halafu shusha feda.