Mgonjwa yule hakupotea njia

Kila anayefanya kazi hospitalini hapa Winnipeg, Kanada, analijua jina la Brian Sinclair, hata kama amehamia juzi. Alikuwa Mwenyeji wa Asili, yaani wa watu waliokuwepo nchi hii kabla ya Wazungu, mwenye umri wa miaka 45, aliyekatwa miguu yote miwili na kutembelea kiti cha magurudumu. Ijumaa mchana, tarehe 19 Septemba 2008, alifika chumba cha dharura cha Health Sciences Centre akiwa na barua ya daktari wa kliniki, maana mrija wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Akaongea na mtu wa mapokezi, akaambiwa asubiri. Alisubiri saa 34. Alitapika. Watu waliokaa karibu naye waliwaambia wahudumu kwamba yule bwana hali yake si nzuri. Usiku wa kuamkia Jumapili ndipo ilipogundulika kuwa amekwisha kufa, tena mwili umeshaanza kukakamaa. Kilichomuua ni maambukizi ya kibofu, yaani kitu cha kutibiwa kwa mrija mpya na dawa. Baadhi ya wahudumu walidhani amelewa, wengine walidhani hana pa kulala na amekuja kuota joto.

Namtaja kwa sababu siku hizi hospitali nyingi za Kanada zinaajiri waongozaji wa wagonjwa kwa ajili ya Wenyeji: watu wa Mataifa ya Kwanza (makabila kama Wakree), Wamétis (wa asili mchanganyiko ya Wenyeji na Wazungu) na Wainuit (wa kaskazini ya mbali). Mwongozaji anampokea mgonjwa, anamkalimania, anamtafutia usafiri na malazi, anakaa naye daktari akija. Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Ninachokataa ni ile dhana iliyojificha ndani yake, kwamba tatizo ni Mwenyeji kutoijua hospitali. Sinclair aliijua. Mlango aliuona, dirisha la mapokezi alilifikia, barua alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu mwenye ubavu wa kwenda pale dirishani na kusema, "Huyu ahudumiwe sasa hivi, la sivyo nampigia mkubwa wenu," na mkubwa akapokea simu.

Miaka 12 baadaye, tarehe 28 Septemba 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba kutoka jamii ya Waatikamekw ya Manawan, alifariki katika hospitali ya Joliette, Quebec. Alikuwa na umri wa miaka 37. Aliwasha simu yake na kurusha moja kwa moja kwenye Facebook, na dunia ikawasikia wahudumu wakimtukana kwa Kifaransa akiwa kitandani anaugulia maumivu. Mchunguzi wa vifo alisema wazi kwamba ubaguzi ulichangia kifo hicho. Mtu akifika mahali pa kuwasha simu ili apate shahidi, ujue ndani ya jengo lile hakuona wa kumwita. Mwaka huohuo, huko British Columbia, uchunguzi mkubwa uliagizwa na serikali ya jimbo, na asilimia 84 ya Wenyeji waliojibu walisema wamewahi kubaguliwa kwa namna fulani walipokwenda kutibiwa.

Wazee wana sababu ya kuziogopa hospitali. Kwa miongo mingi serikali kuu iliendesha hospitali za kuwatenga, mahususi kwa "Wahindi", kama Wenyeji walivyoitwa, nyingi zikiwa za kifua kikuu. Kaskazini ya mbali, kuanzia 1950, meli iitwayo C.D. Howe ilizunguka vijiji vya Wainuit ikiwapiga watu picha za eksirei. Aliyeonekana na kifua kikuu alibakizwa humohumo melini na kupelekwa kusini, mara nyingine bila hata kushuka kuwaaga wanawe. Kufikia 1956 karibu Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa katika hospitali za kusini. Wengine walifia huko wakazikwa, na jamaa zao hawakuambiwa makaburi yako wapi. Waziri Mkuu Justin Trudeau alikwenda Iqaluit kuomba radhi Machi 2019. Kwa hiyo bibi kutoka kaskazini akikataa kulazwa, kabla hujamwita mkaidi, jiulize kwao nani alipandishwa meli ile.

Mwongozaji mzuri anaijua historia hii bila kuhutubiwa. Nimemshuhudia mmoja kazini. Bibi wa Kikree alikuwa ameletwa kwa ndege kutoka kijiji ambacho barabara yake ni ya barafu, hupitika majira ya baridi tu. Daktari, kijana mwenye haraka zake, akamuuliza maumivu yake ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi. Bibi akasema mbili. Daktari akaandika mbili. Mwongozaji akavuta kiti, akaanza kwa Kikree: umetoka upande gani, wewe ni wa akina nani, fulani ni nani wako. (Sisi tuliokulia kwenye salamu ndefu hatuhitaji kuelezwa hapo kinachofanyika.) Kisha akamuuliza ni kazi gani ya nyumbani aliyoiacha siku hizi. Ikatoka kwamba hawezi tena kusimama kusafisha samaki, na usiku hainuki bila kushika ukuta. Mazungumzo hayakuzidi muda wa kunywa chai, na daktari akabadilisha vipimo alivyokuwa ameagiza. Ile mbili ya mwanzo ilikuwa adabu ya mtu asiyetaka kusumbua.

Kuna na mambo ya moshi. Wenyeji wengi hufukiza seji, majani yenye harufu nzuri, ili kusafisha nafsi na kusali, kama kwetu tunavyofukiza ubani. Hospitali kadhaa zina chumba maalumu na utaratibu wa kuzuia king'ora cha moto kisilie. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi utaratibu huo ulikuwepo kwenye karatasi, lakini saini zilizotakiwa ni nyingi mno kwa mtu anayekata roho usiku. Kule Sioux Lookout, Ontario, hospitali ya Meno Ya Win inawapikia wagonjwa nyama ya porini waliyoizoea nyumbani, ikiwemo ya moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Mgonjwa anakula. Wauguzi mnajua thamani ya sahani inayorudi tupu.

Sasa shida. Pale nilipofanyia kazi mwongozaji alikuwa mmoja kwa jengo zima, Jumatatu hadi Ijumaa, saa za ofisi. Sinclair alifika Ijumaa mchana na kufa wikiendi. Hesabu hiyo fanya mwenyewe. Pia mwongozaji huyo alikuwa akiripoti kwa meneja yuleyule ambaye wodi zake ndizo zinalalamikiwa. Asiposema kitu, anasifiwa kwa ushirikiano mwema. Akisema, anaambiwa analeta siasa. Mimi ningependa ofisi yake ilipwe na kusimamiwa na jamii za Wenyeji wenyewe, wafanye zamu usiku na mchana, na wawe na haki ya kusimamisha mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka daktari wa pili amwone. Kwamba Wenyeji wanaweza kusimamia mambo makubwa si ndoto: British Columbia wana mamlaka yao ya afya ya Mataifa ya Kwanza, iliyochukua huduma kutoka serikali kuu mwaka 2013.

Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, alilifundisha hili mapema: anayesema kama huduma ilikuwa salama kwa utamaduni wake ni aliyehudumiwa. Baraza la wauguzi la nchi yake likaliingiza kwenye mafunzo mwaka 1992. Huku kwetu bado tunajipa alama wenyewe, eti kwa sababu tulimaliza kozi ya mtandaoni.

Nasema "tunajipa" kwa makusudi. Wodi za hapa zimejaa Waafrika: Wakenya, Wakongo, Warundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini kwenye chumba cha mapumziko nasikia Kiswahili safi kikisema kwamba hawa ni walevi, hawalipi kodi, wanapewa kila kitu bure. La kodi si kweli. Msamaha unawahusu waliosajiliwa na serikali kisheria tu, na hasa kwa mapato na mali ndani ya ardhi waliyotengewa. Hayo mengine tumeyaokota kwa waliotutangulia kazini, na sisi ndio tulivyo wepesi wa kulalamika tukibaguliwa kwenye basi.

Swali moja ninaloulizwa sana lina uzito: mbona wao wapate mwongozaji, na mimi mkimbizi niliyeingia bila Kiingereza nisipate? Upate, kwa nini usipate. Ila lako ni la huruma na haki za binadamu, lao ni deni. Mkataba Namba 6 kati ya serikali na Mataifa ya Kwanza, wa mwaka 1876, uliahidi sanduku la dawa kwenye nyumba ya wakala wa serikali kwa matumizi ya Wenyeji. Walitoa ardhi, na ahadi ile ilikuwa sehemu ya malipo. Na deni halijalipwa: kina mama wa vijiji vya mbali vya Wenyeji bado wanasafirishwa kwa ndege wiki kadhaa kabla ya kujifungua kwa sababu kwao hakuna huduma ya uzazi, na serikali kuu ilikubali mwaka 2017 tu kumlipia kila mmoja wao mtu wa kumsindikiza.

Dada yangu unayeanza zamu wiki ijayo, uliza namba ya ofisi ya afya ya Wenyeji siku ya kwanza, uiweke kwenye simu. Namba ya duka la unga wa ugali nitakupa mimi.