Chupa ya saa nne asubuhi

Mwezi uliopita nilimkuta kijana mmoja wa chuo ukingoni mwa maji, upande wa Mikindani. Alikuwa amekunja suruali hadi magotini, mkono mmoja ana chupa, mwingine ana kisanduku cha barafu. Anachota maji ya kupima. Nilikuwa na ami yangu, ambaye ameivua hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara pembeni mwa kisiwa cha Mombasa, tangu mimi sijazaliwa. Akamtazama yule kijana kwa muda, halafu akamuuliza:

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

"Tarehe kumi na mbili, mzee."

"Sio huo wa ukutani. Wa juu."

Kijana akacheka kwa haya. Hakujua. Ami hakumlaumu, alimwambia tu kwamba ile chupa aliyoshika ni chupa ya maji makavu, na kama angekuja wiki moja baadaye, saa ileile, pale pale, angechota bahari nyingine kabisa. Kisha akaendelea na safari yake kama mtu aliyesema jambo dogo.

Mimi sijalisahau. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini ami alitia kidole palepale panapovuja. Mombasa watu wanapima maji, tena wengi kuliko tunavyodhani. Lakini maji ya hori yana saa yake, na namba isiyoandikwa pamoja na saa hiyo inaweza kusema lolote.

Kwa wasomaji wa bara, ngoja nieleze. Hapa kwetu mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa kimo hukaribia mita 4. Baada ya wiki moja huja maji mafu: bahari huchezacheza tu, na ratiba hugeuka, saa nne ya asubuhi ndiyo saa ya kujaa. Mtoto wa mvuvi hulijua hili kabla ya kujua kusoma. Na saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo mtu wa ofisi, aliyeripoti kazini saa mbili, akasubiri gari, akapita foleni ya Changamwe, hufika ukingoni na chupa yake.

Sasa itazame hori yenyewe. Mlango wake ni mwembamba, unapita baina ya Mji wa Kale na Mkomani, chini ya daraja la Nyali, halafu inapanuka kuelekea Mishomoroni, Mikindani na Jomvu. Huko juu huingia mito ya Kombeni na Tsalu, ambayo kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yakijaa, unachochota Mikindani kimechanganyika na bahari kuu. Yakikauka, unachochota ni kile kilichoshuka kwenye mifereji yetu, kimebaki peke yake bila kificho. Mahali ni pale pale. Ukitaka hori ionekane safi, nenda wakati wa kujaa. Ukitaka kumshitaki mtu, subiri maji makavu. Anayechagua saa ya kuchota anachagua na jibu.

Na hata asiyekusudia hudanganyika. Tuseme unapima kila baada ya wiki nne, Jumatatu, saa nne, kwa utaratibu mzuri kabisa. Wiki nne ni siku 28. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Kwa hiyo ukianza na bamvua, utachota maji ya karibu na bamvua miezi miwili mitatu mfululizo, kisha polepole utateleza kuelekea maji mafu, na kwenye karatasi yako itaonekana hori "imepata nafuu". Haikupata nafuu yoyote. Ni mwezi tu.

Oksijeni nayo ina saa yake. Mchana mwani na majani ya baharini hutengeneza oksijeni kwa jua, usiku kila kiumbe huitumia bila kuirudisha. Kiasi chake hushuka chini kabisa karibu na alfajiri. Ndiyo maana samaki wakikosa pumzi hufa usiku na kuonekana asubuhi wakielea, wakati mwenye kipimo akija mchana hukuta oksijeni ya kutosha na kuandika kwamba mambo ni shwari. Mvuvi aliyeona samaki kwa macho yake huambiwa anakisia.

Nilikulia kwenye nyumba yenye choo cha shimo, si mbali na maji. Shimo lile halikujaa hata siku moja. Majirani wa mitaa ya juu walikuwa wakiita lori la kunyonya, sisi tulikuwa tukijisifu. Bibi alisema ni baraka ya kiwanja. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa baraka ilikuwa inakwenda wapi. Kisiwa hiki kimekaa juu ya jabali la matumbawe ya kale, jiwe lenye matundu kama mkate wa mofa. Maji huingia na kutoka humo, na kilichomo shimoni hutoka nayo. Visima vyetu vya chumvichumvi vinajua habari hiyo.

Mabomba ya maji taka Mombasa yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi. Kuna mtambo wa kuyasafisha wa Kipevu upande wa bara na ule wa Kizingo kisiwani, lakini kaya nyingi zinategemea shimo, karo, au mfereji unaoelekea kusikojulikana, ijapokuwa sote tunajua. Mikoko ya Mikindani imekuwa ikipokea maji taka ya mtaa kwa miaka mingi, hadi watafiti wameifuata huko kuona inavumiliaje. Inavumilia kwa kiasi. Mizizi yake hunasa tope, na viini vidogo vilivyomo topeni hula sehemu ya uchafu. Lakini mkoko hauna mshahara wala zamu ya kupumzika, na sisi tunaukata kwa boriti huku tunautaka utufanyie kazi ya mtambo.

Tuje kwenye swali la nini kipimwe, maana hapa pia kuna mtego. Wengi wanakijua kijidudu cha E. koli, kwamba kikionekana majini basi kinyesi kimefika. Kwenye maji matamu ni sawa. Kwenye maji ya chumvi na jua kali, E. koli hufa haraka, na chupa inaweza kusema "hakuna" wakati madhara mengine bado yapo. Kwa bahari huaminiwa zaidi enterokoki, vijidudu vingine vya kinyesi ambavyo huishi muda mrefu zaidi kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linayaweka maji ya kuogelea kwenye daraja la juu kabisa pale ambapo vipimo 95 kati ya 100 havizidi enterokoki 40 kwa mililita 100. Wakipita 500, hayo si maji ya kumtia mtoto. Na watoto wetu wanajitupa humo kila Jumamosi.

Madini kama risasi hayaonekani sana majini. Yanakaa kwenye tope. Anayechota maji ya juu pembeni mwa lililokuwa jaa la Kibarani, kisha akasema hakuna kitu, hakupima hori ya Makupa, ile jirani ya Tudor. Amepima mgeni aliyepita na mkondo. Hori ile imepitia mengi: mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na tani 5,000 zikamwagika, zikaua mikoko ya hekta 10. Takataka za mji zilitupwa ukingoni mwake kwa miongo. Na muda wote huo lile tuta la Makupa, la barabara ya kutoka kisiwani kwenda bara, lilikuwa limeziba, maji ya upande mmoja hayasalimiani na ya upande wa pili. Mwaka 2022 tuta liliondolewa, likafunguliwa daraja la mita 457, na maji yakapita. Wanasiasa walizungumza habari ya magari. Mimi ningependa kuona karatasi mbili: vipimo vya kabla na vipimo vya baada, vya mwezi uleule na kupwa kuleule. Daraja hilo ni jaribio kubwa kuliko maabara yoyote, na sijamsikia mtu akilizungumzia hivyo barabarani wala barazani.

Sheria tunayo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilimtaka anayemwaga maji taka kwenye mazingira asizidi miligramu 30 kwa lita za ule uchafu unaokula oksijeni, miligramu 30 za vitu vinavyoelea ndani yake, na E. koli asiwemo hata mmoja. Tena zilimtaka mwenye leseni ajipime na kupeleka kumbukumbu kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, kila miezi mitatu. Kwa hiyo namba hizo zinapaswa kuwa zimeandikwa na kufika mahali. Ila hazifiki bandarini kwa wavuvi, wala sokoni, wala kwa mama anayechuma chaza.

Hapo ndipo mimi na ami tunapogombana.

Nilimwambia ninachotaka: ubao mweusi kwenye kila bandari ya wavuvi, unaoandikwa kwa chaki. Mwezi ngapi, maji yamejaa au yamekauka, mvua ilinyesha lini, enterokoki kiasi gani, oksijeni kiasi gani. Basi. Akanitazama kama mtu aliyependekeza kuchoma dau lake.

"Ukiandika pale kwamba maji mabaya, kamba wangu atanunuliwa na nani? Wewe?"

Ana haki. Anayekula kwa samaki wa leo hawezi kushabikia tangazo la kumfukuzia wateja, na wanaopenda kuzungumzia uwazi mara nyingi ni watu wenye mshahara, kama mimi. Sikumjibu siku hiyo. Nililala nalo.

Jibu langu ni hili, na bado hajalikubali. Kwanza, viumbe vya majini si sawa. Chaza na kombe hujilisha kwa kuchuja maji, lita nyingi kwa siku, na vijidudu vingi vilivyomo hubaki ndani yao. Tasi au mkizi aliyepaliwa, akatolewa matumbo, akakaangwa vizuri, ni habari nyingine. Ubao unaweza kusema "chaza wasubiri siku chache baada ya mvua hii" na kamba wa ami wakauzwa kama kawaida. Pili, ukimya nao una bei. Ikivuma tu kwamba kuna kipindupindu mtaani, mteja hachagui chaza wala mkizi wala hori gani. Anaacha vyote, ananunua kuku. Mwaka wenye uvumi wa namna hiyo ami mwenyewe aliuza samaki kwa nusu bei huku akiapa kwamba aliwavua nje ya mwamba. Hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu.

Ami akasema: "Karatasi haikaangwi." Nikamwachia ushindi wa siku ile.

Wapo watakaosema tujenge mitambo kwanza, kupima baadaye. Jengeni, nani kakataa? Lakini bila kipimo hatujui mfereji upi uzibwe mwanzo, na mara nyingi mifereji miwili mitatu ndiyo hubeba mzigo wa kumi. Na si kila dawa ni mtambo wa mabilioni. Kule Mtwapa, gereza la Shimo la Tewa liliwekewa bwawa la mimea la kuchuja maji taka yasiingie horini mabichi. Ni kokoto, matete na mvuto wa mteremko. Mambo ya namna hiyo yanafaa Jomvu na Mishomoroni pia, ilimradi mtu apime maji yanayoingia na yanayotoka, maana bwawa la mimea lisilosafishwa hugeuka kuwa kinamasi chenye jina zuri.

Tena uchafu si kinyesi peke yake. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mikoko ya Mwache, upande wa Port Reitz, ilikufa ikiwa imesimama, imezikwa na tope lililoshuka kutoka mashamba ya juu. Hakuna karo la choo lililofanya hilo.

Nani apime? Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapa hapa Mkomani, na maabara ya vijidudu ni kazi ya wenye maabara. Lakini chumvi, joto, oksijeni na uangavu wa maji vinaweza kupimwa na vijana wa kikundi cha wavuvi wenye kifaa cha mkononi na ile sahani ya nyeupe na nyeusi inayoshushwa kwa kamba mpaka isionekane. Wao tayari wako majini saa kumi alfajiri, saa ambayo hakuna gari la ofisi. Na hawahitaji kuambiwa mwezi ngapi. Walipwe, lakini. Nimechoka na kazi za "kujitolea" ambazo wenye kujitolea ni maskini tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali. Wasiodhani karatasi ina nguvu waitazame kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Wakazi walisimama mahakamani na vipimo vya risasi, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Malalamiko peke yake yasingefika huko.

Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Jumatatu nilipeleka barua. Nimeomba vipimo vya hori ya Tudor vya miaka mitano, na nimepigia mstari sentensi moja: kila kipimo kiambatane na saa kilipochotwa. Karani alisoma, akagonga muhuri, akauliza saa ni za nini. Nikamwambia kuna mzee mmoja Mikindani anazitaka, naye hasomi tarehe za ukutani.

Ami hajui bado kwamba nimemtia kwenye barua.