Seabees: fundi anapovalishwa sare

Tarehe 23 Desemba 1941 kisiwa cha Wake, katikati ya Bahari ya Pasifiki, kiliangukia mikononi mwa Wajapani. Wengi waliokamatwa hawakuwa askari. Walikuwa raia wapatao 1,100, mafundi seremala, madereva wa katapila, mafundi umeme na wapishi, waliopelekwa na kampuni za ujenzi za Marekani kulijengea jeshi la wanamaji kambi na uwanja wa ndege. Mapigano yalipopamba moto baadhi yao walishika silaha na kuwasaidia wanajeshi wa Marine, askari wa Marekani wa kupigana kutoka baharini, kwenye mizinga. Lakini kwa sheria za vita, raia anayeshika bunduki hana kinga ya askari. Adui akimkamata anaweza kumhesabu kuwa mhalifu na kumuua. Wengi walisafirishwa kwenda kambi za mateka Uchina na Japani. Wajapani walibakiza 98 wa kuwafanyia kazi, na tarehe 7 Oktoba 1943, baada ya ndege za Marekani kukishambulia kisiwa, Admirali Sakaibara aliamuru wote wauawe. Mmoja alitoroka, akachonga idadi ya wenzake juu ya mwamba wa matumbawe, kisha akakamatwa naye akauawa.

Anayetaka kuwapima Seabees, yaani vikosi vya ujenzi vya jeshi la wanamaji la Marekani, hana budi kuanzia hapo. Siku tano tu baada ya Wake kuanguka, Admirali Ben Moreell, aliyeongoza idara ya majengo na gati za jeshi hilo, aliomba ruhusa ya kuunda vikosi ambavyo mafundi wake wangekuwa askari kamili, wenye sare, mafunzo ya silaha na haki za mateka wa vita. Alikubaliwa tarehe 5 Januari 1942. Tarehe 5 Machi mwaka huohuo waliruhusiwa rasmi kutumia jina lao, na hiyo ndiyo siku wanayoiadhimisha hadi leo. Nembo yao, nyuki mwenye kofia ya baharia aliyeshika bunduki na zana za kazi, ilichorwa na karani wa kiraia, Frank Iafrate, huko Rhode Island. Kaulimbiu yao ni fupi: Tunajenga, tunapigana.

Je, ni sawa kazi hizo mbili zikae mikononi mwa mtu mmoja? Nadhani Moreell alikuwa na haki. Nadhani pia haki ile ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo umevukwa zaidi ya mara moja, mara iliyo mbaya kuliko zote ikiwa katika hii Bahari ya Hindi yetu.

Hoja ya kuwatetea ina uzito. Seabees wa mwanzo hawakuwa vijana waliookotwa mitaani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 37, na wamo waliokuwa wamepita 60. Walikuwa wamejenga bwawa la Hoover, maghorofa ya New York, barabara kuu na mahandaki ya treni. Jeshi liliwapa vyeo kulingana na ufundi waliokuja nao, na likavunja desturi yake ya zamani kwa kuruhusu maofisa wahandisi wawe makamanda, mamlaka ambayo hapo kabla yalikuwa ya maofisa wa meli peke yao. Kwa hiyo aliyetoa amri ya kumwaga zege alikuwa mtu anayelijua zege.

Matokeo yalionekana Guadalcanal, kisiwa kimojawapo cha Visiwa vya Solomon katika Pasifiki. Kikosi cha sita kilifika huko Septemba 1942 na kukuta uwanja wa ndege wa Henderson unashambuliwa kwa mabomu na mizinga karibu kila siku. Mafundi waliyaweka malori tayari yamejaa udongo wa kutosha kufukia shimo moja la bomu, na mabamba ya chuma ya kutandika juu yake yamekwisha kupangwa. Baada ya mazoezi, mafundi 100 waliweza kuziba shimo la bomu la ratili 500 kwa dakika 40. Ndege zilizokuwa angani zilitegemea hesabu hiyo ili zipate pa kutua. Hakuna mkandarasi ambaye ungeweza kumtaka afanye kazi hiyo kwa mkataba, na hata angekubali, nani angekuwa na haki ya kumwambia asikimbie? Vita vilipokwisha, watu wapatao 325,000 walikuwa wamepita katika vikosi hivyo, na walikuwa wamejenga viwanja vikubwa vya ndege 111 na gati 441. Huko Bougainville, kisiwa kingine cha Pasifiki, wanajeshi wa Marine, ambao si wepesi wa kusifu watu wa kikosi kingine, waliwabandikia bango barabarani la kuwaambia kwamba wao Marine wataingia Tokyo kwa barabara zilizojengwa na Seabees.

Heshima hiyo haikugawanywa sawa, na sioni sababu ya kulipitia jambo hili juujuu. Kikosi cha 34 kilikuwa cha watu weusi chini ya wasimamizi weupe. Kilifanya kazi miezi mingi Visiwani Solomon, kikarudi California bila mtu mweusi hata mmoja kupandishwa kuwa msimamizi mkuu, ingawa mafundi walikuwamo wenye uzoefu wa kutosha. Machi 1945, watu wapatao 1,000 wa kikosi hicho waligoma kula. Waliendelea na kazi zao zote kama kawaida, wakakataa chakula tu, ili mtu asipate nafasi ya kuwaita waasi. Kamanda wao aliondolewa. Miezi sita kabla ya hapo, katika vita vya kisiwa cha Peleliu, Pasifiki, wapakuzi wa mizigo weusi wa kikosi maalumu cha 17 walikuwa wamejitolea kubeba risasi hadi mstari wa mbele na kurudi na majeruhi, kazi ambayo hawakuamriwa kuifanya. Nikisikia Seabees wakisifiwa kwa ule msemo wao kwamba hakuna kazi inayowashinda, hawa ndio ninaowakumbuka kwanza.

Wapo wanaosema kwamba hoja ya Wake imekwisha wakati wake. Siku hizi vita vina wakandarasi, na ujenzi wa kambi ni biashara kama biashara nyingine. Kwa kweli jeshi lenyewe lilirudi huko mapema. Sehemu kubwa ya bandari na viwanja vya Vietnam ilijengwa na muungano wa kampuni nne, mojawapo ikiwa Morrison-Knudsen, ambayo wafanyakazi wake walikuwa miongoni mwa waliokamatwa Wake. Nyingine ilikuwa Brown & Root, ambayo baadaye, kwa jina la KBR, ikawa mkandarasi mkubwa wa kambi za Irak. Hoja ya wanaounga mkono utaratibu huu ni ya fedha: fundi wa kukodi unamlipa kazi ikiwapo, na ikiisha unaachana naye, lakini askari unamlisha, unamtibu na kumlipa pensheni.

Hesabu hiyo inasahau nani anayekodiwa. Kambi za Irak na Afghanistan zilipikiwa, zikafuliwa na kulindwa na watu wa Nepal, Ufilipino, India, na kwa upande wa ulinzi, maelfu ya Waganda. Agosti 2004 wafanyakazi 12 wa Kinepali waliotekwa Irak waliuawa na waliowateka. Na tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab waliposhambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, Wamarekani watatu walikufa, wawili wao wakiwa raia wa mkataba. Kwa upande huu mimi nasimama na Moreell bila kusitasita. Kazi ikiwa ya vita, na mahali pakiwa pa vita, anayeifanya apewe sare, silaha na jina lake liandikwe pamoja na ya wenzake. Raia walionusurika Wake walisubiri hadi 1981 kutambuliwa kuwa maveterani. Yule wa Nepal au wa Kampala hatatambuliwa kamwe.

Sasa upande wa pili.

Mapema mwaka 1971 Seabees walitua Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Chagos. Uingereza ilikuwa imelitenga funguvisiwa hilo kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla Mauritius haijapata uhuru, na mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani kwamba kisiwa kitakuwa cha kijeshi. Seabees walichimba matumbawe ya wangwa, yaani maji ya bahari yaliyozungukwa na kisiwa, wakayaponda, wakatandika njia ya kurukia ndege ambayo hatimaye ilifikia zaidi ya mita 3,600. Kwa ufundi ni kazi kubwa, na Seabees huihesabu miongoni mwa kazi zao kuu za wakati usio wa vita. Kutoka njia hiyo ndege za mabomu ziliruka kwenda Irak mwaka 1991 na tena 2003, na kwenda Afghanistan mwaka 2001.

Kisiwa kilikuwa na wenyewe. Walikuwa wazao wa watumwa ambao Wafaransa waliwaleta kutoka Madagaska na Msumbiji tangu mwishoni mwa karne ya 18 kulima minazi, na wa vibarua wa Kihindi waliofuata. Walikuwa na kanisa, makaburi, bustani na lugha yao ya Krioli. Kati ya 1968 na 1973 watu wapatao 1,500 hadi 2,000 wa visiwa hivyo waliondolewa, wengine kwa kuzuiwa kurudi walipokwenda Mauritius kutibiwa, wengine kwa kupakiwa melini. Mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari. Wa Diego Garcia waliondoka mwaka huohuo wa 1971, mitambo ikiwa tayari inanguruma upande mwingine wa kisiwa. Waliachwa Mauritius na Ushelisheli, bila nyumba wala kazi.

Anayewatetea Seabees atasema, na atakuwa na sehemu ya kweli, kwamba uamuzi haukuwa wao. London iliamua, Washington ikalipa, na waliosimamia kuwaondoa watu walikuwa Waingereza. Dereva wa greda hakuulizwa. Lakini hapo ndipo ninapouona udhaifu wa desturi nzima. Desturi yao ya kutoshindwa na kazi imejengwa juu ya swali moja, kwamba kazi hii itamalizika lini. Guadalcanal swali hilo lilitosha, kwa sababu watu walikuwa wanakufa na ndege zilihitaji pa kutua. Diego Garcia hapakuwa na vita. Palikuwa na muda wa kuuliza ardhi hii ni ya nani, na kikosi kilichofunzwa kuona fahari katika kasi hakikuwa na mahali pa kuliweka swali hilo. Mkandarasi wa kiraia angeweza kushtakiwa mahakamani, au kukataa zabuni. Askari hawezi kukataa kisiwa.

Kisha kuna visima na shule. Tangu Marekani ilipoweka kambi Djibouti mwaka 2002, Seabees wamechimba visima na kujenga madarasa Pembe ya Afrika na hadi kwetu pwani ya Kenya, Lamu ikiwemo. Siwezi kumdharau mama anayeteka maji safi mahali ambapo jana alitembea nusu siku kuyafuata, na anayesema kisima hicho ni bure kwa sababu kimechimbwa na askari aende kwanza akaishi huko. Katika maafa nao wameonyesha ubinadamu usio na shaka: baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 waliifufua gati ya Port-au-Prince iliyovunjika, na meli za chakula zikapata pa kufunga.

Kisima cha Garissa au Lamu, hata hivyo, hakichimbwi kwa ajili ya maji peke yake. Kinachimbwa ili watu waipende Marekani, au angalau wasiwapende wapinzani wake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts waliichunguza miradi ya namna hiyo kaskazini mashariki na pwani ya Kenya, wakakuta watu wameipokea kwa shukrani lakini maoni yao juu ya sera za Marekani hayakubadilika kwa kiasi kikubwa. Mwaka huohuo ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani iliona kwamba kikosi cha Djibouti kwa kawaida hakirudi kufuatilia kama miradi yake imeleta matokeo yaliyokusudiwa. Hili kwangu ndilo zito kuliko la nia. Kikosi hukaa miezi michache, kinapokezana na kingine, na pampu huharibika baada ya wote kuondoka. Kuchimba ni kazi ya wiki. Kukitunza kisima ni kazi ya miaka ishirini, na inahitaji kamati ya maji, fundi wa karibu, vipuri vinavyopatikana mjini na ofisa wa kaunti anayejulikana kwa jina. Kazi hiyo wapewe walio karibu, na fedha ziwafuate. Seabees waitwe tetemeko likitokea, kwa kuwa hapo ndipo kasi yao inaokoa roho.

Chagos bado haijafungwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utengano ule wa 1965 haukuwa halali. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius visiwa, huku kambi ya Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarejesha watu katika visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia yenyewe. Visiwa hivyo vingine, Peros Banhos na Salomon, vimekaa zaidi ya miaka 50 bila wakaazi wake. Havina gati inayofaa, maji ya bomba, umeme wala zahanati. Vikitakiwa kukalika vitahitaji mafundi wanaojua kujenga juu ya matumbawe, mbali na bandari yoyote, kwa mitambo inayoshushwa ufukweni. Jeshi la wanamaji la Marekani linao. Wazee wa Chagos waliozaliwa huko wanazidi kupungua, na kama kuna kazi moja wakati wa amani ambayo Seabees wana deni la kuifanya, ni hiyo, wakipangiwa na Wachagos wenyewe nini kijengwe na wapi.