"Programu ya urafiki" si ya urafiki

Kwa Kituruki, programu za simu za kutafuta wapenzi huitwa mara nyingi arkadaşlık uygulaması, yaani programu ya urafiki. Ni lugha ya stara tu. Mswahili aliyewahi kumtambulisha mchumba wa mwanawe kwa wageni kama "rafiki yake" hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa mpe mtafiti kazi ya kuhamishia huko dodoso la saikolojia kuhusu programu hizo. Utaratibu unajulikana: mmoja anatafsiri, mwingine asiyeona maandishi ya awali anairudisha tafsiri katika lugha ilikotoka, wanalinganisha, kisha watu mamia wanajaza na takwimu zinapigwa. Cronbach alpha, namba ya takwimu inayopima uthabiti wa dodoso, ikipanda, kila mtu anapumua.

Mimi sipumui. Chukua kipimo cha matumizi mabaya ya Tinder, mojawapo ya programu hizo, kilichotoka Hungaria mwaka 2016. Kina maswali sita tu, yaliyojengwa juu ya dalili sita za uraibu: kuiwaza kutwa, kutaka zaidi, kujiliwaza kwayo, kuhangaika ukiikosa, kushindwa kuacha, na matumizi kukuharibia masomo, kazi au mahusiano. Maneno yenyewe hayana ugumu, na yakirudishwa yatarudi salama.

Ila fikiria binti wa Konya, mji wa Uturuki unaojulikana kwa kushika dini, anayeifungua programu hiyo mara moja kwa wiki. Kaka yake akiiona, nyumba inawaka moto. Akiulizwa kama imemharibia mahusiano, atajibu "sana", naye hatakuwa amesema uongo. Lakini kilicholeta ugomvi si wingi wa matumizi, ni kujulikana. Huko kuhangaika anapozuiwa je? Huenda ni hofu ya mazungumzo yaliyobaki kwenye simu iliyo mikononi mwa baba. Kipimo kitamhesabu kuwa anaelekea kwenye uraibu, na alpha haitanong'ona lolote, maana yenyewe hutazama kama majibu yanakwenda pamoja. Hofu nayo huenda pamoja vizuri sana.

Wapo wanaofanya usaili wa awali, lakini mara nyingi huishia kuuliza kama swali linaeleweka. Linaeleweka, bila shaka! Mimi ningekaa na watumiaji kumi, wa Izmir, mji wa Uturuki usiobana sana, na wa Konya, kila mmoja peke yake na mlango umefungwa, nimwombe asome swali kwa sauti kisha anieleze ni tukio gani limemjia kichwani kabla hajachagua jibu.