Kanzu Yangu na Kivuli cha Mzambarau

Mama aliniuliza siku ile ile niliyoileta nyumbani: "Kanzu ya bei hiyo, utaivaa wewe au itakuvaa yenyewe?"

Nikamjibu kuwa nguo nzuri haiuawi na kuvaliwa, huuawa na kufuliwa, kwa hiyo yangu nitaifua mwenyewe. Dobi wetu hapa Majengo huipiga nguo jiweni kama anayetoa pepo.

Basi wiki ya harusi ya binamu yangu nikapiga kambi uani. Maji ya kisima sikuyagusa. Yana chumvi, sabuni haipati povu, hukatika kama maziwa yaliyochacha, na nguo hukauka ngumu mithili ya papa mkavu. Nikanunua mitungi miwili ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Kanzu nikaigeuza ndani nje, nikaiminyaminya taratibu, shingoni nikapasugua kwa kidole gumba. Kukamua sikukamua: niliiviringisha ndani ya taulo nikailalia. Mama dirishani hakusema kitu, ila mbuzi ya nazi ilinyamaza.

Nikakumbuka tena: jua hula rangi. Nikaianika kivulini. Na kivuli uani kwetu ni kimoja tu, cha mzambarau. Zambarau nazo zilikuwa zimeiva.

Nikaenda kulala. Kunguru wa Mombasa unawajua. Niliporudi, mabegani madoa, kifuani madoa, na karibu na kishada pametua kitu kilichokuwa zambarau kabla hakijapita tumboni mwa kunguru.

"Mwanangu," Mama akasema, "za rangi ndizo huanikwa kivulini. Nyeupe hupelekwa juani, jua huzidi kuing'arisha. Sasa wewe ulikuwa ukilinda rangi gani?"

Ndimu na chumvi vikapunguza madoa kidogo. Ningeishia hapo. Lakini nikakumbuka buluu ya kufulia, ile ya kutia chembe tu kwenye karai, nami nikatia kijiko, tena cha kupakulia. Kanzu ikatoka rangi ya pono. Madoa palepale, ila sasa yana bahari ya kuogelea.

Nyingine sina. Nikaivaa.

"Yakhe," akanipokea mmoja mlangoni, "umekuja nikahini au umepita Mtaa wa Biashara ukajifunga leso?"

Mzee niliyeketi kando yake ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliushika mkono wa kanzu, akaupapasa baina ya vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Kitambaa kizuri lakini," akasema. "Hiki utakaa nacho miaka."