Hirizi za Misri ya kale: zitolewe sandani au ziachwe?

Mwaka 2023, Profesa Sahar Saleem wa Chuo Kikuu cha Cairo na wenzake walitangaza kuwa wamehesabu hirizi 49 katika mwili wa kijana aliyezikwa miaka kama 2,300 iliyopita. Hawakukata hata uzi wa sanda yake. Waliupitisha mwili kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani kwa eksirei, basi. Kama mashine inaona yote hayo, kuna haja gani ya kufungua?

Haja ipo, na si ndogo. Chukua hirizi ya moyo: jiwe lililochongwa umbo la mbawakawa anayeviringisha mavi, tumbo lake bapa likiwa na maandishi yanayousihi moyo usimtolee mwenyewe ushahidi mbaya utakapowekwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Nyingine zina nafasi tupu pa kuandikia jina. Fundi alikuwa amezichonga tayari, akisubiri mteja. Kitu kama hicho unakigundua jiwe likiwa mkononi. Rangi nayo: fundo la Isis, hirizi ya mungu wa kike Isis, lilitakiwa liwe la yaspi nyekundu, likihusishwa na damu ya mungu huyo. Mashine hupima msongamano wa jiwe ndani ya sanda, lakini wekundu wake haiuoni.

Hata hivyo, gharama ya kufungua ni kubwa mno. Mwaka 1925 mwanaakiolojia Howard Carter na daktari Douglas Derry waliufungua mwili wa farao Tutankhamun. Utomvu ulikuwa umeugandisha kwenye jeneza, wakaukatakata ili watoe vitu. Angalau Carter aliandika kila kimoja kilikaa wapi. London, katika miaka ya 1830, watu walinunua tiketi kutazama miili ya Wamisri wa kale ikifunuliwa ukumbini, na hirizi ngapi zilitoka humo bila mtu kuandika zilikuwa shingoni au tumboni! Na mahali ndipo penye maana: hirizi ya jiwe yenye umbo la kijimto cha kulazia kichwa iliwekwa shingoni ili kichwa kisipotee.

Mimi nasema zilizokwisha kutoka zisomwe kwa bidii zote, zilizomo ndani ziachwe. Fundi alichora mikunjo ya miguu ya mbawakawa akijua hakuna jicho la mtu aliye hai litakaloiona tena. Kazi hiyo aliifanyia marehemu.

Kina Saleem walichapa nakala ya hirizi ya moyo ya yule kijana kwa printa ya 3D, wakaishika na kuichunguza. Yenyewe, ya dhahabu, bado imo kifuani mwake.